Mfuniko wa mtaro kwenye maegesho ya jengo umeliangusha gari langu. Namdai nani, na naanzia wapi?

#1 Tairi la Akiba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu. Nina jambo, naomba mawazo yenu kabla hasira hazijanipeleka pabaya.

Jana usiku narudi nyumbani, naingia kwenye maegesho ya jengo ninalopanga. Kati ya geti na nafasi yangu kuna mtaro wa maji ya mvua, umefunikwa kwa mfuniko wa nondo zilizochomelewa. Mwaka wa pili huu napita juu yake kila siku. Jana tairi la mbele kushoto lilipoukanyaga tu, nikasikia mlio kama wa kitanda cha chuma kinavunjika, gari likalala upande. Tairi limezama mtaroni, bampa limekaa juu ya zege.

Mwendo ulikuwa wa kutambaa, gia ya kwanza. Taa ya pale imekufa sijui tangu lini.

Mlinzi na majirani watatu wakanisaidia kulinyanyua na kulisukuma pembeni. Hali ilivyo: rimu imepinda, tairi limepasuka ubavuni, bampa lina ufa, na chini linadondosha oili. Msimamizi wa jengo akaja na tochi, akamulika, akasema, "Pole dada, ila pale getini kuna kibao. Kila mtu anaegesha kwa hatari yake." Akaondoka.

Kibao kipo kweli, sikatai. Ndiyo imeisha hivyo? Bima kubwa ninayo, lakini sioni kwa nini niiguse kama kuna mtu anayestahili kulipa. Huyo mtu ndiye nani: mwenye jengo, kampuni inayolisimamia, au nikubali tu yaishe?

#2 Mchungulia Dirishani

Pole sana dada. Naweka kiti hapa nisome. Mimi mwaka jana geti la umeme lilinishukia juu ya paa la gari, nikalipa mwenyewe na asante nikatoa.

#3 Spana Kumi na Saba

Kabla wanasheria hawajafika, nijibu hiyo oili. USILIWASHE. Hata kwa kulisogeza hatua mbili, usiliwashe.

Oili inayodondoka baada ya kipigo cha chini mara nyingi ni sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imepasuka. Oili ikiisha, pampu inavuta hewa, vyuma vinaanza kusagana vikavu. Niliwahi kuletewa gari la hivyohivyo: sampu ilivunjwa na jiwe la geti la watu, mwenyewe akasema ataendesha taratibu tu mpaka gereji. Injini ikakwama njiani. Wenye geti walikubali kulipa sampu, injini wakaikataa katakata. Kusema ukweli hata ningekuwa mimi ningeikataa. Sampu waliivunja wao, injini aliiua mwenyewe.

Livutwe. Risiti ya kuvuta iweke, nayo inadaiwa. Na gereji utakayolipeleka, waambie mapema hakuna kutupa kitu. Rimu, tairi, sampu, hata boliti iliyokatika, vyote viingie kwenye kiroba na kiroba kikae kwako. Mafundi tuna tabia ya kuuza chuma chakavu jioni ileile.

#4 Zege Bichi

Nafanya kazi za ujenzi. Dada, huo mfuniko uko wapi SASA HIVI? Acha unachofanya, shuka ukapige picha za pale nondo zilipokatikia. Usipige za mbali tu, sogea mpaka uone chembe za chuma.

Chuma kilichokatika jana kina uso wa kijivu unaong'aa. Chuma kilichokuwa na ufa wa zamani kina uso wa kahawia, kutu imeshaingia hadi ndani, na sehemu ndogo tu ndiyo inang'aa, ile iliyokuwa bado imeshikilia. Huo mstari kati ya kahawia na kijivu ndio utakaowaambia kwamba mfuniko haukuvunjika jana, ulikuwa unavunjika polepole kwa miezi na jana ulimaliza. Ila una saa chache. Kukiwa na unyevu, hiyo sehemu inayong'aa nayo itaota kutu na yote yatafanana.

Weka rula au hata kalamu pembeni ukubwa uonekane. Picha nyingine zipige kwa mbali zioneshe geti, mtaro, gari na namba yake kwenye fremu moja. Na ile taa iliyokufa, ipige usiku.

Jambo la pili. Mifuniko ya kiwandani huwa na alama iliyopigwa juu yake. Kwa kiwango cha Ulaya, EN 124, A15 ni ya watembea kwa miguu, B125 inaruhusiwa kwenye maegesho ya magari madogo, D400 ni ya barabarani. Namba ni mzigo wa majaribio kwa kilonyutoni, kwa hiyo B125 imepimwa kwa takriban tani 12 na nusu. Nondo zilizochomelewa uani hazina alama yoyote, maana yake hakuna aliyewahi kuzipima. Nao huo ni ushahidi.

#5 Tairi la Akiba

Zege Bichi Mungu akubariki, nimekusoma saa moja na nusu asubuhi nikashuka na nguo za kulalia. Saa mbili kamili fundi wa kuchomelea akafika! Jengo hili tunaomba taa miezi yote hiyo, leo fundi amekuja kabla ya chai.

Picha nimepiga arobaini na kitu. Nondo zilikuwa saba, tano zimekatika. Nne kati ya hizo ziko kama ulivyosema, uso wote wa kahawia iliyokolea, kama umepakwa kahawa, na pembezoni kuna kijimstari cheupe chembamba kama ukucha uliokatwa. Ya tano ndiyo imekatika nyeupe nzima. Kwa hiyo nilikuwa nashikiliwa na nondo tatu, moja ndiyo iliyokata jana.

Fundi alikuwa anatupia vipande kwenye gunia. Nikamwomba kimoja, akanipa, akacheka: "Hii dada ilishakufa siku nyingi." Nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni na karatasi yenye tarehe.

#6 Baba Mwenye Nyumba

Naomba na sisi wa upande wa pili tusikike, maana humu kila mwenye jengo ni jambazi.

Nina nyumba za kupangisha. Ningeletewa hii kesi, maswali yangu yangekuwa haya. Umepita juu ya huo mfuniko mwaka wa pili, uliwahi kuniambia ni mbovu? Matairi yako yalikuwa na hali gani kabla? Na nani mwingine anapita pale? Kwangu mfuniko ulipinda kwa sababu mpangaji mmoja aliingiza lori la maji usiku bila kuniambia. Lori linapinda chuma, gari dogo linakuja kumalizia, lawama kwangu.

Halafu kurekebisha asubuhi yake si kukiri kosa. Ningeuacha wazi, mtoto atumbukie, mngesemaje?

Na hicho kipande cha nondo ni mali ya jengo, dada yangu.

#7 Mchungulia Dirishani

Mzee anadai nondo yake iliyooza. Mpe dada, umwambie aje aisainie.

#8 Kifungu Kidogo

Nimechelewa, nilikuwa mahakamani. Mimi ni mwanasheria lakini hapa nachangia kama mdau. Sheria ya mahali ulipo ndiyo yenye neno la mwisho. Hata hivyo mifupa ya jambo hili inafanana sehemu nyingi.

Unamdai nani? Yule mwenye udhibiti wa eneo. Hati ya jengo inaweza kuwa ya mmoja, na anayeshika funguo, anayeajiri mlinzi na kuita fundi wa kuchomelea akawa mwingine. Wewe huna haja ya kuwaamulia, waandikie wote wawili barua moja wakavutane wenyewe. Na soma mkataba wako wa pango leo hii. Kama unalipa ada ya huduma au kodi inayojumuisha matunzo ya maeneo ya pamoja, huna madai ya uzembe peke yake, una na ya mkataba. Mpangaji ana mguu wa pili ambao mgeni hana.

Sasa uzembe wenyewe. Hapa ndipo wengi wanaanguka. Wanadhani kitu kimevunjika kwenye eneo lako, basi unalipa. Kwa nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, swali ni moja: mwenye eneo alijua, au angejua kama angekagua kama mtu makini? Wafaransa wameliweka tofauti. Tangu kanuni yao ya madai ya mwaka 1804, mwenye jengo analipa hasara iliyotokana na kubomoka kwake ikiwa chanzo ni kutotunzwa au kasoro ya ujenzi. Wajerumani, kifungu cha 836 cha kanuni yao, wanamgeuzia kibao anayelimiliki eneo: jengo au kitu kilichojengewa ardhini kikibomoka au kikibanduka kwa ubovu, yeye ndiye aoneshe kwamba alikuwa makini. Popote ulipo, kutu ya ndani ya nondo ndiyo moyo wa kesi yako.

Baba Mwenye Nyumba yuko sahihi kwamba kurekebisha si kukiri. Kwenye mahakama za shirikisho za Marekani kuna kanuni kabisa ya ushahidi, namba 407, kwamba matengenezo yaliyofanywa baada ya ajali hayatumiki kuthibitisha uzembe. Mantiki ni hiyohiyo ya mtoto aliyoisema. Kwa hiyo usiandike kwenye barua "mbona mlikimbilia kurekebisha". Utajifurahisha tu.

Nondo: alikupa aliyekuwa anaitupa. Andika hivyo, taja siku na saa, na waambie wazi kwenye barua kwamba unayo na wanaweza kuja kuikagua. Ukiificha ndipo itakaponuka.

Kibao sasa. "Unaegesha kwa hatari yako" kinatisha kuliko kinavyofanya kazi. Sheria ya England ya mwaka 1957 kuhusu wajibu wa mwenye eneo inasema onyo peke yake halimwokoi mwenye eneo, isipokuwa lingetosha kumwezesha mgeni kuwa salama. Kibao cha getini kilikwambia mfuniko umeoza? Kilikwambia upite wapi badala yake? Sheria yao nyingine ya mwaka 1977, ambayo kwa mlaji wa kawaida nafasi yake ilichukuliwa na ya mwaka 2015 yenye mwelekeo uleule, inakwenda mbali zaidi: biashara haiwezi kukwepa kwa kibao kifo au majeraha yaliyotokana na uzembe wake, na kwa uharibifu wa mali kibao kinasimama tu kama ni cha haki kwa mazingira hayo. Kuna shauri maarufu la mwaka 1971, Thornton dhidi ya Shoe Lane Parking, mtu aliumia kwenye maegesho ya kulipia, wakamwonesha masharti yaliyobandikwa ndani. Mahakama ikasema masharti unayokutana nayo baada ya mashine kukupa tiketi yamechelewa. Kibao kinaweza kukusumbua zaidi kwa wizi, kwa sababu mwizi ni mtu mwingine. Mfuniko ni wa kwao.

#9 Kivuli cha Mti

Samahani kuingilia. Jirani yangu mti wake uliangukia gari langu wakati wa upepo mkali. Anasema ni kazi ya Mungu. Naye ni hivyohivyo?

#10 Kifungu Kidogo

Upepo ni wa Mungu, mti ni wa jirani. Swali ni lilelile: mti ulionekana mgonjwa? Uyoga kwenye shina karibu na ardhi, matawi makavu yasiyoota majani, shimo, udongo ulioinuka upande mmoja wa mizizi. Piga picha kisiki kabla hakijang'olewa. Kama ndani kimeoza na nje ilionekana, una neno. Kama ni mti mzima wenye afya uliong'olewa na dhoruba iliyong'oa na mingine mtaa mzima, nenda kwenye bima yako.

#11 Mkadiria

Kazi yangu ni kukagua magari yaliyopata ajali na kukadiria hasara, kwa hiyo nitasema yasiyopendeza.

Dada, huyo fundi wako akikuandikia karatasi moja yenye orodha ya vipuri na jumla chini, itakataliwa. Unachohitaji ni ripoti inayosema kila kipuri kimeharibikaje na kwa nini kinatokana na kuzama mtaroni. Rimu iliyopinda ukingo wa ndani, alama za zege kwenye sampu, mkono wa chini unaoshika gurudumu uliopinda, hayo yanaeleweka. Lakini mafundi wanapenda kuongezea. Utakuta shokapu zote nne na bushi za nyuma zimo. Mtu kama mimi nikiona bushi ya nyuma kwenye ajali ya tairi la mbele, naanza kutilia shaka na hata rimu. Madai madogo yaliyo safi yanalipwa haraka kuliko makubwa yenye uchafu.

Jiandae na makato ya uchakavu pia. Kama tairi lilikuwa nusu ya maisha yake, hawatakulipa tairi jipya zima, na hawakosei: kusudi la fidia ni kukurudisha ulipokuwa. Tairi usibishane. Bampa bishana, bampa haliishi kwa kutembea.

Bima: unasema huitaki. Sawa, lakini WAJULISHE. Bima nyingi zina sharti la kutoa taarifa ndani ya siku chache hata kama huombi malipo. Usipotoa, mwenye jengo akikataa baadaye ukarudi kwao, watakuambia umechelewa. Ukiamua wakutengenezee, wao ndio watakaosimama kwenye nafasi yako kumdai mwenye jengo, na wewe utamdai ile sehemu ya mwanzo uliyobeba mfukoni. Mara mbili hulipwi. Na usisaini karatasi yoyote ya mwenye jengo inayosema "sina madai mengine" kabla bima hawajaiona, utakuwa umewafungia mlango nao watakufungia wako.

Wenye bima ndogo mnaosoma hapa: hiyo hailipi gari lako kabisa kwenye kisa kama hiki. Kwenu barua kwa mwenye jengo ndiyo njia pekee.

#12 Spana Kumi na Saba

Mkadiria umetuvua nguo mafundi hadharani, lakini ni kweli. Niongeze: usilipeleke kupangwa matairi kabla hawajakagua. Karatasi ya kwanza ya vipimo vya matairi, kabla ya kugusa chochote, ndiyo inayoonesha upande wa kushoto umekimbia kiasi gani. Ukishanyoosha imepotea.

#13 Tairi la Akiba

Wakuu, kaeni chini.

Nimekesha napekua kundi letu la WhatsApp la wapangaji. Kundi la kelele, nililinyamazisha siku nyingi. Wiki tatu kabla ya tukio, jirani wa ghorofa ya pili ameweka picha: juu ya mfuniko uleule kuna kiti cha plastiki cha bluu, kimepinduliwa, miguu juu. Ameandika, "Nani kaweka kiti hapa, tunapitaje?" Na msimamizi, yuleyule wa tochi, amejibu: "Samahani wapendwa, nimekiweka mimi, mfuniko umelegea, fundi atakuja wiki hii." Chini yake watu kumi na moja wameweka vidole gumba. Mimi sikuwahi kuona.

Baada ya siku mbili kiti kikaondolewa kwa sababu watu walilalamika kinaziba njia. Fundi hakuja.

#14 Mchungulia Dirishani

KITI! Kesi imeshindwa na kiti cha plastiki!

#15 Baba Mwenye Nyumba

Hapo mimi nanyamaza. Aliyeweka kiti alijua, na aliyekiondoa bila kurekebisha ndiye amelizamisha gari. Dada, nilisema yangu, lakini hapo wakulipe. Ila jiandae, watakuambia na wewe ulikuwa kwenye kundi, kwa hiyo ulijua.

#16 Kifungu Kidogo

Mzee kaona mbali, hilo watalisema. Jibu lake: ujumbe ulisema fundi atakuja wiki hii, kiti kikaondolewa, njia ikafunguliwa. Mtu yeyote angeelewa kwamba pamerekebishwa. Na kundi ulilinyamazisha, sema ukweli huo bila kuupamba. Kwa ubaya kabisa watakupunguzia asilimia fulani kwa mchango wako, madai yenyewe hayafi.

Hifadhi hiyo kitu vizuri. Picha ya skrini ioneshe tarehe, jina la kundi na ujumbe wa kabla na wa baada, asije mtu akasema umekatakata. Toa nakala ya mazungumzo yote kwenye simu. Mwombe jirani picha yenyewe aliyopiga, ile ya kwenye simu yake, siyo iliyopita WhatsApp. Na leo hii waombe kwa maandishi wahifadhi picha za kamera ya geti. Kamera nyingi zinajifuta zenyewe kumbukumbu ikijaa.

Barua iwe fupi. Ukurasa mmoja. Siku, saa, mahali, kilichotokea kwa sentensi tatu. Kisha: mlijua, tazama kiambatisho namba moja. Kisha hasara, kipuri kwa kipuri, na jumla. Kisha siku 14 za kujibu, na kwamba baada ya hapo utafungua madai kwenye mahakama yenye mamlaka. Matusi hapana, na usitishie polisi kwa jambo la madai. Sehemu nyingi kuna mahakama ya madai madogo ambayo huhitaji wakili, uliza kiwango chake kabla hujajaza jumla yako.

Ile sentensi ya katikati ningeiandika hivi: "Kupitia ujumbe wa msimamizi wenu wa tarehe fulani, mlitambua kuwa mfuniko umelegea na mkaweka kizuizi. Kizuizi kiliondolewa bila ukarabati kufanyika. Tukio lilitokea siku kumi na tisa baadaye mahali palepale." Usiongeze neno.

#17 Mchungulia Dirishani

Na langu la geti la umeme la mwaka jana? Limeshaoza?

#18 Kifungu Kidogo

Ukomo wa muda unatofautiana. England kwa uzembe ulioharibu mali ni miaka 6. Ujerumani kwa kawaida ni 3, tena inaanza kuhesabiwa mwisho wa mwaka ulipojua hasara na mhusika. Kuidai serikali au taasisi zake mara nyingi kuna notisi ya muda mfupi zaidi, na mashimo ya barabara za umma yana sheria zake kabisa, tusiyachanganye hapa. Yako huenda ingali hai. Omba kumbukumbu za matengenezo ya lile geti: lilifanyiwa huduma lini, kile kijicho kinachozuia lisishuke juu ya gari kilikuwa kizima? Wasipokuwa na karatasi hata moja, hilo nalo ni jibu.

#19 Tairi la Akiba

Mrejesho, wiki ya tano.

Barua ilienda kwa mwenye jengo na kwa kampuni ya usimamizi, nimesainiwa nakala zote mbili. Mwenye jengo kimya. Kampuni wamejibu siku ya 13, barua imeandikwa juu "bila kuathiri haki". Wanasema mfuniko uliharibiwa na lori la maji lisilo lao (Baba Mwenye Nyumba, ulikuwa unawasiliana nao?), kwamba nilikuwa na taarifa kupitia kundi, na kwamba "kwa nia njema" wako tayari kulipa nusu ya vipuri. Usafiri wangu wa wiki tano hawautaji kabisa. Chini kuna sehemu ya kusaini kwamba sina madai mengine.

Nimechoka jamani. Nakwenda kazini kwa kubahatisha lifti. Nisaini?

#20 Mkadiria

Usisaini leo. Nusu ya kwanza huwa ni ya kupima kama umechoka, na umewaambia humu kwamba umechoka, ombea wasisome.

Lori: hata kama ni kweli, lilipita lini? Kama ni kabla ya kiti, basi walishajua uharibifu wa lori na wakauacha. Hilo ni kati yao na mwenye lori, wakamdai wenyewe. Usafiri unadaiwa lakini kwa risiti, na kwa siku ambazo gari lilikuwa linahitaji kutengenezwa kweli. Ukikaa wiki tano ukisubiri barua wakati kazi ni ya siku nne, watakulipa siku nne na chache za kuagiza vipuri. Kama una uwezo tengeneza sasa. Vipande na picha vimeshahifadhiwa, si ndiyo? Halafu wajibu: unakubali makato ya tairi, unakubali kupunguza siku za usafiri, hukubali nusu. Mtu anayekubali kilicho cha haki anasikilizwa anapokataa kisicho cha haki.

#21 Kifungu Kidogo

Naunga mkono. Na hiyo barua ya "bila kuathiri haki", kwa kawaida huwezi kuipeleka mahakamani kuonesha kwamba walitoa nusu. Kwa hiyo usiishikilie kama silaha. Silaha yako ni kiti.

#22 Tairi la Akiba

Wakuu, limeisha juzi.

Nilijibu kama Mkadiria alivyosema. Wakaniita kikaoni. Nikaenda na kiroba changu, rimu ndani, na ile nondo kwenye nailoni. Nilipoiweka mezani mkurugenzi wao aliigeuzageuza, akamwuliza msimamizi, "Hii ndiyo ilikuwa pale?" Msimamizi akaitazama nondo kama hajawahi kuona chuma. Hapakuwa na kelele baada ya hapo.

Wamelipa sampu, rimu, mkono wa chini, bampa na kazi ya fundi, vyote. Kuvutwa kwa gari wamelipa. Tairi nusu. Usafiri siku sita. Bushi moja ambayo fundi wangu aliisukumia kwenye orodha niliifuta mwenyewe kabla ya kuingia. Karatasi ya kumaliza madai niliwapelekea bima kwanza, wakaipitisha, nikasaini pesa zilipoingia kwenye akaunti na siyo kabla.

Spana Kumi na Saba, gari halivuti upande tena. Asanteni sana wote, na mzee Baba Mwenye Nyumba nondo yako nimewaachia.

#23 Zege Bichi

Hongera dada. Swali moja la kitaalamu: mfuniko mpya una alama gani?

#24 Tairi la Akiba

Umeniuliza nikashuka kuangalia. Hauna. Nondo za kuchomelea tena, nyembamba kuliko za mwanzo, zimepakwa rangi nyeusi. Nimeupiga picha, nimeiweka kwenye kundi la jengo na kuandika, "Mfuniko huu hauna alama ya uzito, tunaomba ubadilishwe." Msimamizi ameisoma saa kumi na dakika ishirini, hajajibu. Nimehifadhi.